Kosa Huzaliwa Mpakani: Programu za Kuchongea Mbao kwa Mashine ya CNC, Zikitazamwa kutoka Kigwena

Mashine ya CNC ni chombo cha kukatia na kuchongea ambacho mwendo wa kisu chake hauongozwi na mkono wa fundi bali na namba zinazotoka kwenye kompyuta, na herufi zake tatu ni kifupisho cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya udhibiti wa namba kwa kompyuta. Kwa miongo mingi mashine za aina hii zilikuwa mali ya viwanda, vikiwemo vya ndege na magari, lakini katika miaka kumi na mitano hivi iliyopita zimeteremka hadi kwenye meza ya seremala wa kawaida na ya mtu anayechonga kwa kujifurahisha siku asizokuwa kazini. Ile ndogo inayojulikana zaidi huitwa 3018, jina linalotokana na eneo lake la kazi lenye sentimita 30 kwa 18, nayo huuzwa ikiwa vipandevipande ambavyo mnunuzi huviunga mwenyewe kwa bisibisi na funguo chache. Kuiunga si kazi ngumu. Kinachowashinda wengi ni programu: ipi ichaguliwe kati ya nyingi zinazotangazwa, na ni wapi pa kuanza kutafuta pale ambapo kazi iliyotoka kwenye mbao haifanani na mchoro uliokuwa kwenye kioo cha kompyuta.

Makala haya yanazitazama programu hizo kwa jicho la mtu aliye Kigwena, kusini mwa mji wa Rumonge nchini Burundi, kwenye barabara ya taifa namba 3 inayofuata ufuo wa Ziwa Tanganyika kutoka Bujumbura hadi Nyanza-Lac, kwa sababu ushauri mwingi uliopo umeandikwa kwa ajili ya watu ambao umeme wao haukatiki, intaneti yao haisuasui na kadi zao za benki hulipa popote duniani. Rumonge ni mji wa michikichi na mawese, wa wavuvi wa ndagala na mukeke, wa bandari na misikiti, ambamo Kiswahili husikika sokoni sambamba na Kirundi. Kazi zinazoweza kutafutiwa mashine ndogo katika mji wa namna hiyo zinajitaja zenyewe: vibao vya maduka, majina ya maboti, vichwa vya vitanda vyenye maua, milango yenye nakshi, na mbao zilizochongwa maandishi ya Kiarabu kwa ajili ya nyumba na misikiti.

Kazi yoyote ya CNC hupita hatua tatu, na kila hatua ina programu yake, ingawa zipo programu zinazobeba hatua mbili au zote kwa pamoja. Hatua ya kwanza ni usanifu, ambapo mchoro huandaliwa kwa mistari inayohesabika kimahesabu, iitwayo vekta, tofauti na picha ya simu ambayo ni mkusanyiko wa nukta za rangi ziitwazo pikseli na ambayo haina mstari wowote ambao kisu kinaweza kuufuata. Hatua ya pili ni kupanga njia ya kisu, yaani kuiambia kompyuta ni biti gani, yaani kisu gani, imefungwa, ina upana gani, iingie kina gani, isogee kwa kasi gani, na ipite juu ya mstari, ndani yake au nje yake; matokeo yake ni faili la maandishi lenye maelfu ya amri fupi, ambalo hapa litaitwa msimbo wa G kwa kuwa amri zake nyingi huanza na herufi hiyo. Hatua ya tatu ni kuutuma msimbo huo mstari kwa mstari hadi kwenye bodi ya mashine, ambayo huugeuza kuwa mapigo ya umeme ya kuzungusha mota.

Historia yake inastahili maneno machache tu. Mashine ya kwanza ya kukata kwa namba ilionyeshwa hadharani mwaka 1952 katika chuo cha MIT nchini Marekani, kutokana na wazo la John Parsons aliyekuwa akitafuta njia ya kutengeneza sehemu za ndege kwa usahihi. Lugha ya amri zake iliwekewa kiwango cha Marekani kinachojulikana kama RS-274-D mwaka 1980. Na mwaka 2009 Mnorwei Simen Svale Skogsrud alitoa bure programu iitwayo Grbl, inayoendesha mashine kutoka kwenye bodi ya Arduino yenye kumbukumbu ya kilobaiti 32, yaani ndogo kuliko picha moja ya simu. Bila Grbl mashine za bei nafuu zisingeenea, na karibu kila 3018 inayouzwa leo ina Grbl au mzao wake ndani yake.

Anayetaka kuelewa hitilafu za kazi hii afikirie shehena ya mawese inayotoka Rumonge kwenda Kigoma: lori linaweza kuharibika njiani, lakini mara nyingi zaidi mzigo hukwama mpakani, pale ambapo karatasi za upande mmoja hazisomeki upande wa pili. Ndivyo ilivyo kwa mchoro. Ndani ya programu ya usanifu huwa sahihi, ndani ya programu ya njia ya kisu huwa sahihi, na mashine nayo hutii amri kama ilivyoambiwa, lakini katika kuvuka kutoka hatua moja kwenda nyingine kipimo hubadilika, herufi hugeuka, nukta huwa mkato. Kwa hiyo programu bora kwa anayeanza si lazima iwe yenye vipengele vingi zaidi, bali ile inayompunguzia idadi ya mipaka ya kuvuka, au angalau inayomwachia kila mpaka ukaonekana wazi.

Kwa mtu wa Kigwena swali la kwanza la kuuliza kuhusu programu yoyote ni kama hufanya kazi bila intaneti. Easel ya kampuni ya Inventables ya Chicago husifiwa sana kwa wanaoanza, na kwa haki, kwa sababu huunganisha hatua zote tatu katika dirisha moja na kuonyesha upande wa kulia sura ya kazi itakavyotoka. Lakini hukaa kwenye kivinjari, na michoro yake huhifadhiwa mbali, kwenye kompyuta za kampuni, hivyo mtandao ukipotea mchongaji hubaki na mashine iliyowashwa na mchoro asioweza kuufikia. Fusion ya Autodesk ina nguvu kubwa na hutolewa bure kwa matumizi binafsi, lakini tangu mwaka 2020 toleo hilo la bure limepunguziwa mambo, ikiwemo kwamba mwendo wa haraka wa kisu kinapokuwa hewani umeondolewa, na masharti yake yanamzuia anayepata zaidi ya dola 1,000 kwa mwaka kutokana na kazi hiyo. Tena ni programu nzito, inayotaka kompyuta yenye nguvu na inayohitaji kukutana na mtandao kila baada ya muda.

Swali la pili ni namna ya kulipa, na hapa hali ya Burundi ina uzito wake, kwa kuwa fedha za kigeni ni adimu na malipo ya kila mwezi kwa kadi ya kimataifa ni jambo ambalo wengi hawawezi kulitegemea. Programu inayolipiwa mara moja, hata kama bei yake inaumiza, ni salama kuliko ile ya kukodi ambayo hujifunga siku malipo yanapokwama. Kwa kipimo hicho programu za kampuni ya Vectric ya Uingereza, yaani VCarve na Aspire, zinastahili sifa zake: hununuliwa mara moja, hufanya kazi bila mtandao, na kwa kuchonga maandishi na nakshi ni vigumu kuzipata zilizo rahisi zaidi. Lakini VCarve hugharimu dola mia kadhaa na Aspire karibu dola 2,000, na toleo lake la majaribio huonyesha kila kitu bila kumruhusu mtu kuchonga michoro yake mwenyewe, ila ile ya mfano iliyomo ndani yake. Estlcam ya Ujerumani imechagua adabu nyingine kabisa: hufanya kazi yote bila malipo, ila humngojesha mtumiaji asiyelipa kabla ya kutoa faili, na leseni yake haifiki euro 100.

Upande wa zisizolipiwa kabisa, Inkscape, iliyoanza mwaka 2003, inatosha kwa karibu usanifu wote wa kuchonga kwenye ubao bapa, huendeshwa na kompyuta ya zamani, na ina menyu za Kifaransa, lugha ambayo mtu aliyesoma shule za Burundi huifahamu kuliko Kiingereza. F-Engrave ni ndogo na sura yake haivutii, lakini huhesabu vizuri njia za biti yenye ncha ya V, kazi ambayo wengine huitoza mamia ya dola. FreeCAD ilifikia toleo la 1.0 Novemba 2024 baada ya zaidi ya miaka ishirini ya kutengenezwa, nayo hubeba usanifu na njia ya kisu pamoja. Hata hivyo imeundwa kwa fikra za mhandisi wa vyuma, na anayetaka kuchonga waridi kwenye kichwa cha kitanda atachoka kabla ya kufika. Kwa hatua ya tatu, ya kutuma msimbo, Universal Gcode Sender, Candle na gSender zote ni za bure na hazihitaji mtandao zikishapakuliwa. Kinachosahaulika ni draiva ya chipu ya CH340, iliyomo kwenye bodi nyingi za bei nafuu. Pasipo draiva hiyo kompyuta haiioni mashine hata kidogo, na inafaa ipakuliwe mtu akiwa Bujumbura au popote penye mtandao mzuri, iwekwe kwenye diski ndogo ya USB pamoja na programu nyingine zote.

Maandishi ya Kiarabu yanahitaji kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu ni kazi yenye wateja katika pwani yote ya ziwa na ndiyo inayoziumbua programu upesi. Herufi za Kiarabu hubadilika umbo kulingana na mahali zilipo katika neno na huunganishwa kutoka kulia kwenda kushoto, na programu nyingi za njia ya kisu, ambazo zilitungwa kwa herufi za Kilatini, huziandika zikiwa zimetengana na pengine zikiwa zimegeuzwa mpangilio, hivyo neno likawa si neno tena. Anayesoma Kiarabu hugundua kosa hilo mara moja, lakini fundi asiyekisoma anaweza kulichonga kwenye ubao mzima na kulipeleka msikitini. Dawa yake ni kuandika maneno ndani ya Inkscape, ambayo huziunga herufi ipasavyo, kumwonyesha msomaji wa Kiarabu kabla ya jambo lolote, kisha kuyageuza maandishi kuwa mistari ya kawaida kwa amri ya kugeuza kitu kuwa njia, ili programu inayofuata isihitaji tena kuwa na fonti ile.

Hapo bado pana mtego. Kwa kuwa kila herufi katika fonti ni umbo kamili linalojitegemea, mahali herufi mbili zinapoungana maumbo yao hupandana, na mpaka wa kila moja hubaki umejificha ndani ya mwenzake bila kuonekana kwenye kioo kwa sababu yote yana rangi moja. Kisu hakijui rangi. Hufuata kila mpaka kinaoukuta, na matokeo yake ni vijikato vinavyokatiza shingo za herufi kila zinapoungana. Mchongaji hulaumu mashine kwa kuyumba, ilhali amri moja ya kuunganisha maumbo kuwa umbo moja ingeliondoa tatizo lote. Ili kuliona, inatosha kuuondolea mchoro rangi ya ndani na kubakiza mistari ya pembeni peke yake, na tabia hiyo ya kutazama mchoro ukiwa mistari mitupu kabla ya kuutoa huokoa mbao nyingi, kwani hufichua pia mistari iliyorudiwa mara mbili na maumbo yasiyofungwa, ambayo programu ya njia ya kisu hukataa kuyachimba bila kueleza sababu.

Jambo hilohilo huwapata wanaopiga picha ya mlango wa Zanzibar au wa Lamu na kutaka kuunakili. Picha ya pikseli inaweza kugeuzwa vekta kwa amri ya kufuatisha iliyomo ndani ya Inkscape, lakini kivuli cha nakshi husomwa kama mstari, ufa wa mbao husomwa kama jani, na mistari ya waridi moja hutoka na vifundo elfu kadhaa vinavyoifanya mashine itetemeke badala ya kuteleza. Nakshi za milango hiyo kwa asili ni za kurudiarudia: mnyororo unaozunguka miimo, ua linalopanda kwenye mfaa, jani linalogeuzwa kushoto na kulia. Kwa hiyo ni haraka zaidi, na kazi hutoka safi zaidi, kuchora kwa mkono tanzi moja la mnyororo na nusu ya ua, kisha kuiachia kompyuta kazi ya kunakili na kugeuza, ambayo ndiyo inayoiweza kuliko binadamu.

Kuchonga kwa biti ya V kunategemea hesabu moja ambayo programu huifanya kimya kimya na ambayo mchongaji anapaswa kuijua, kwa sababu ikikosewa mchoro wote huharibika kwa namna inayofanana na ubovu wa mashine. Biti hiyo ina ncha kali na hupanuka kadiri inavyozama, hivyo upana wa mstari huamuliwa na kina: kwa biti ya nyuzi 60, mstari wa milimita 6 unahitaji kina cha takriban milimita 5.2, na kwa biti ya nyuzi 90 unahitaji milimita 3 tu. Mtu akifunga biti ya nyuzi 90 huku programu ikiamini kwamba ni ya 60, mstari wa milimita 6 utatoka na upana wa zaidi ya milimita 10, na herufi zitamezana. Vilevile ubao uliopinda huleta herufi nene upande mmoja na nyembamba upande mwingine, kwani kila milimita moja ya mwinuko hubadilisha upana wa mstari kwa takriban milimita 1.15 ikiwa biti ni ya nyuzi 60, na kwa milimita 2 ikiwa ni ya nyuzi 90. Candle ina njia ya kupima mabonde na vilima vya uso na kurekebisha msimbo, lakini upimaji huo hutegemea uso unaopitisha umeme, jambo lililokusudiwa kwa bodi za shaba na si kwa mbao. Kwa seremala njia iliyonyooka ni kuupitisha ubao wote kwanza kwa biti bapa hadi usawazike.

Na mbao zenyewe zina sauti yake katika jambo hili. Shina la mchikichi, ambalo Rumonge linapatikana kwa wingi miti inapozeeka na kuangushwa, halifai kwa nakshi ndogo, kwa kuwa ni nyuzi ngumu zilizotapakaa ndani ya nyama laini na katikati yake ni kama sifongo, wala hakuna mpangilio wa programu utakaolirekebisha. Grevilea inayopandwa mashambani huchongeka vizuri, ila vumbi lake huwawasha baadhi ya watu. Mvule ni mti mzuri na unaodumu, lakini ndani yake wakati mwingine hujificha vijiwe vigumu vya chokaa ambavyo huvunja ncha ya biti ghafla, na mchongaji asiyejua hilo ataitafuta sababu kwenye msimbo hadi usiku. Miti ya msitu wa akiba wa Kigwena, mojawapo ya misitu michache ya nyanda za chini iliyosalia kwenye ufuo wa Burundi, haimo katika hesabu hii, kwa kuwa eneo hilo linalindwa na mamlaka ya mazingira ya nchi, OBPE.

Kazi inapotoka na kipimo kisicho sahihi, hatua ya kwanza ni kupima na kugawanya, wala si kulegeza na kukaza skrubu ovyo, kwa sababu uwiano wa kosa hulitaja chimbuko lake. Kitu kikitoka kidogo au kikubwa mara 25.4, inchi na milimita zimechanganywa, na ndani ya msimbo G20 imekaa mahali pa G21, au faili la aina ya DXF, ambalo mara nyingi husafiri bila kutaja kipimo chake, limefasiriwa kinyume. Ubao wa milimita 300 ukitoka na 281, kuna faili la Inkscape la kabla ya toleo la 0.92 la mwaka 2017, lililohesabu nukta 90 kwa inchi, ambalo limesomwa na programu inayohesabu 96. Ukitoka na 225, faili limetoka kwenye programu inayohesabu nukta 72. Ukitoka mara mbili kamili au nusu kamili, mpangilio wa hatua za mota kwenye bodi haulingani na ule ulioandikwa kwenye Grbl. Na ukitoka na kosa dogo la asilimia moja au mbili linalolingana kwa vitu vikubwa na vidogo, hatua kwa milimita, yaani idadi ya hatua za mota kwa kila milimita, zinahitaji kurekebishwa: iwapo namba iliyomo ni 800 na mashine iliyoambiwa isogee milimita 100 imesogea 98, basi 800 huzidishwa kwa 100 na kugawanywa kwa 98, na jibu, 816.33, huandikwa mahali pa namba ya zamani.

Lakini kosa lisiloongezeka kadiri kitu kinavyokuwa kikubwa ni la aina nyingine kabisa. Kipande cha milimita 100 na cha milimita 300 vikipungua vyote kwa milimita 3.2, hakuna haja ya kuigusa Grbl, kwa kuwa kisu cha milimita 3.175 kimepitishwa juu ya mstari badala ya nje yake, na kimekula nusu ya upana wake kila upande. Kosa linalokua kadiri kazi inavyoendelea, ambapo duara halifungi na herufi za mwisho zimehama, ndilo ambalo mashine inastahili kulaumiwa kwalo, kwani huwa ni skrubu iliyolegea kwenye mhimili wa mota au kasi kubwa kuliko nguvu ya mota, ambayo huipotezea hatua bila kutoa taarifa.

Kwa Burundi kuna hitilafu moja ambayo vitabu vya Kiingereza haviitaji mara nyingi, nayo inatokana na mkato. Kompyuta iliyopangwa kwa Kifaransa huandika tatu na nusu kwa mkato, 3,5, wakati msimbo wa G haujui isipokuwa nukta, 3.5. Programu zilizotungwa kwa uangalifu hulizingatia jambo hilo, lakini baadhi ya programu ndogo na viongezo vyake hufuata mpangilio wa kompyuta na kutoa msimbo wenye mikato, na Grbl ikiufikia hukataa kwa kuandika error:1, maana yake ilitarajia herufi na haikuiona. Kuna hali mbaya zaidi, ambapo programu hupokea namba iliyochapwa kwa mkato, hutupa kilicho baada yake, na kina cha 3,5 kikawa 3 bila onyo lolote. Suluhisho la kudumu ni kubadilisha alama ya desimali katika mipangilio ya Windows iwe nukta huku lugha ikibaki Kifaransa, na kulifungua faili la msimbo kwa programu ya kawaida ya kuandikia ili kulikagua kwa macho kabla ya kulituma.

Ujumbe mwingine wa Grbl pia una maana iliyo wazi kwa anayejua kuusoma. Error:20 husema kuwa imepewa amri isiyoifahamu, kwa kawaida M6 ya kubadilisha kisu, na chanzo chake ni posti-prosesa, yaani kile kipande cha programu kinachoitafsiri njia ya kisu kuwa lahaja ya mashine fulani. Mchongaji amechagua lahaja ya mashine ya kiwandani badala ya Grbl. Error:33 huhusu duara ambalo mwanzo, kitovu na mwisho wake havikubaliani, mara nyingi kwa sababu programu imezikata desimali mno. Error:9 si kosa la msimbo hata kidogo. Mashine imejifunga baada ya tahadhari, na hufunguliwa kwa amri ya $X baada ya fundi kuhakikisha kuwa kisu hakijagota popote.

Umeme unapokatika katikati ya kazi, na ufuoni mwa ziwa, hilo si jambo la kuuliza kama litatokea bali lini, mashine ndogo isiyo na swichi za kikomo husahau mahali ilipo, na ikiwashwa tena hudhani kuwa pale iliposimama ndipo mwanzo. Jenereta si kinga ya kutegemewa katika nchi ambayo mafuta ya petroli huadimika mara kwa mara. Kinga iliyo mikononi mwa mchongaji ni kuchagua pembe ya ubao kuwa sifuri ya kazi, kuitia alama ya kudumu ambayo kisu hakitaifikia, kuigawa kazi kubwa katika mafaili manne au matano ya dakika ishirini badala ya moja la saa mbili, na kutumia programu kama gSender inayoweza kuanza kutoka mstari uliotajwa. Kompyuta ya mkononi yenye betri hubaki hai umeme ukienda, lakini nayo ina usaliti wake: ikipangwa kujilaza baada ya dakika kumi na tano bila kuguswa hujilaza hata inapotuma msimbo, na mashine husimama kisu kikiwa ndani ya mbao kinazunguka na kuunguza. Mpangilio huo uzimwe siku ya kwanza kabisa.

Kwa hali ya Kigwena, basi, mchanganyiko wa Inkscape, Estlcam au F-Engrave, na Universal Gcode Sender au gSender una mipaka mingi kuliko Easel, lakini kila mpaka wake huonekana, hauhitaji mtandao ukishapakuliwa wala kadi ya benki ili kuanza, na huendeshwa na kompyuta iliyokwisha kutumika. VCarve inunuliwe pale ambapo kazi za wateja zimeanza kuilipia. Kabla ya ubao wowote wa mteja, mwenye mashine mpya achonge kwenye kipande cha grevilea mraba wa milimita 100, mstari wa V wa milimita 6 na neno moja la Kiarabu, avipime kwa rula ya chuma, na aandike kwa penseli nyuma ya kipande hicho namba alizozipata.